Drili za betri za kutoboa zege: uzoefu wangu kwenye kuta za Dar

Ukiingia kwenye maduka ya vifaa Kariakoo, upande wa Gerezani, ukaulizia drili ya betri ya kutoboa zege, muuzaji atakuuliza kwanza unataka ya volti ngapi. Swali hilo halikusaidii kitu. Kazi yangu ni kufunga AC, kamera na stendi za tenki, leo Kinyerezi kesho Kigamboni, na mashine tatu ninazozizungumzia hapa nimezishika vya kutosha. Makita DHR242 ni yangu. Bosch GBH 18V-26 ni ya fundi mwenzangu tunayegawana kazi. DeWalt DCH133 niliizoea kwenye saiti ya ghorofa Mikocheni. Zote tatu ni za volti 18. Kinachozitenganisha ni jouli, yaani nguvu ya pigo moja la nyundo, na betri unayoichomeka.

Hizo volti tuzimalize haraka. DeWalt hiyohiyo Marekani inauzwa ikiwa imeandikwa 20V Max, na Ulaya imeandikwa 18V. Ndani ya betri kuna seli tano zilizofuatana. Ikitoka kwenye chaja inasoma karibu volti 20, ikianza kazi inashuka na kutulia kwenye 18. Kwa hiyo ukikuta boksi la Total au Ingco limeandikwa 20V, usidhani mashine hiyo inaizidi Makita, na wala hujadanganywa. Ni namna mbili za kuhesabu betri ileile.

Jouli ndizo za kuuliza. Makita yangu ina 2.0 na imewekewa kikomo cha tundu la milimita 24 kwenye zege. Bosch na DeWalt zina 2.6 kila moja, na kikomo chao ni milimita 26. Angalia pia kama namba hiyo imepimwa kwa utaratibu wa EPTA (chama cha watengenezaji wa zana za umeme Ulaya), ambao ndio watengenezaji wakubwa wanautumia. Boksi lenye jouli nyingi bila kutaja EPTA, ile namba ichukulie kama bei ya kwanza unayotajiwa Kariakoo.

Kwa anayeanza: hizi si zile drili za kawaida zenye alama ya nyundo pembeni. Zile zina meno ya chuma yanayorukiana, na ili zipige lazima uzisukume kwa kifua. Hizi zina pistoni inayobana hewa, na hewa ndiyo inayoirusha nyundo ndani. Biti zake zina mkia wa SDS-Plus wa milimita 10, unachomeka tu bila ufunguo. Wewe unaielekeza, inakula yenyewe. Saidia fundi wangu akiishika huiegemea kama anasukuma gari lililozimika, halafu analalamika haiendi. Ukiegemea sana unaua pigo. Mkono mwepesi, tundu linaingia.

Sasa kuta zenyewe, maana hapo ndipo watu wanatupa hela.

Nyumba nyingi za Dar ni tofali za saruji, za inchi 5 au 6, na ubora wake unategemea mfyatuaji aliuvuta mfuko mmoja wa saruji hadi wapi. Kuna tofali ukiligonga linalia, na kuna tofali ukilipangusa kwa kidole linamwaga mchanga. Kwenye hilo la pili, jouli 2.6 ni balaa. Unaingiza biti ya milimita 6, unatoka na tundu la 8, plagi ya plastiki inazunguka humo ndani na skrubu haishiki kitu. Nimeliona hilo mara nyingi kwenye nyumba za kupangisha, TV imening'inia inasubiri siku yake. Ukuta wa namna hiyo nauzimia nyundo kabisa, naacha mzunguko peke yake, biti kali na mwendo wa taratibu. Tofali bovu halihitaji kupigwa, linahitaji kukwanguliwa. Kwa kazi hii hata Makita ndogo, DHR171 yenye jouli 1.2, inatosha na inabaki, na mkono hauchoki.

Marumaru za bafuni nazo usianze na nyundo. Bandika kipande cha tepu ya karatasi ili biti isiteleze, zungusha bila kupiga hadi uvuke marumaru, ukifika kwenye plasta ndipo uwashe nyundo. Mwenye nyumba mmoja aliniuliza, "Fundi, hiyo mashine haina waya, itatoboa kweli?" Nikamjibu, "Itatoboa, mama, ila nikae taratibu kwanza kwenye urembo wako." Aliridhika.

Zege ni habari nyingine, na hapo ndipo unajua nani ni nani. Nguzo, lenta na zege la juu ndipo tunapofunga vitu vizito: kiango cha mashine ya nje ya AC, fremu ya tenki. Tundu la milimita 10 au 12 kwenye nguzo iliyokomaa, Makita inaingia vizuri, ila Bosch na DeWalt zinaingia kwa haraka ambayo hata mtu asiye fundi ataiona. Tundu moja tofauti ni sekunde chache. Ukiwa na matundu ya ghorofa nzima, jioni unaihisi begani. Kwa anayetoboa zege kila siku, hizo sehemu 0.6 za jouli zina thamani ya pesa yake.

Halafu kuna nondo. Ukikutana na nondo, biti ya ncha mbili inanasa, na mashine inataka kuzunguka yenyewe huku wewe umeishika. Zote tatu zina klachi inayoteleza biti ikinasa, lakini Bosch inaongeza kifaa cha kielektroniki kinachohisi mwili wa mashine ukizunguka ghafla na kuzima mota. Ukiwa juu ya ngazi ya mbao yenye mguu mmoja mfupi (na ngazi za saiti zetu unazijua), hicho si kitu cha mapambo. Biti nazo zina tofauti: zenye ncha nne kichwani huzipita kingo za nondo bila kunasa sana, na bei yake iko juu lakini inajilipa. Ukiigonga nondo katikati, hamisha tundu. Usiishindanishe.

Majengo ya zamani ya mjini yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, sina mengi ya kusema. Jiwe ni laini kuliko linavyoonekana na chokaa inabomoka kwa vipande. Nyundo iwe ndogo kabisa au isiwepo. Old Boma ya Sokoine Drive, ya tangu miaka ya 1860, sijaitwa kuitoboa na naomba nisiitwe.

Betri. Fundi wengi wanachagua mashine wiki nzima, kisha wanachukua betri yoyote iliyobaki dukani. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 5 (ndicho kipimo cha umeme inaoweka) ina wati-saa 90, na ya ampea-saa 3 ina 54. Kwenye tofali hutaona tofauti ya nguvu, utaona ya muda. Kwenye zege unaona vyote viwili, kwa sababu betri kubwa kwa kawaida ina seli kumi, yaani jozi tano zilizofuatana, wakati ndogo kabisa ina tano tu, hivyo kila seli inabeba nusu ya mzigo na volti hazizami mashine ikikazwa. Ndiyo maana mashine ileile ukiiwekea betri ndogo inaonekana goigoi.

Chaja nayo iangalie. Chaja ya Makita yenye feni, DC18RC, inajaza betri ya 3.0 kwa dakika 22 na ya 5.0 kwa dakika 45. Ile nyepesi, DC18SD, kwa betri hiyohiyo ya 5.0 inakaribia saa mbili. Kwenye saiti isiyo na umeme, ambapo jenereta inawashwa kwa mahesabu, hiyo ndiyo tofauti ya kumaliza leo au kurudi kesho. Na Januari na Februari, betri ikitoka moto kwenye zege, chaja haitaanza kujaza mpaka ipoe. Haijaharibika, inailinda. Iweke kivulini kwanza, usiiache kwenye kiti cha gari juani.

Feki zimejaa. Betri halisi ya Makita ya 5.0, BL1850B, inazidi nusu kilo. Ukiipima kwa mkono na ukaiona nyepesi, irudishe hapo hapo. Ila kuna jambo moja watu wanakosea: kuona "Made in China" kwenye Makita na kuita kimeo. Makita wana kiwanda chao Kunshan, China, na mashine za huko ni halisi. Kinachokuhakikishia ni muuzaji mwenye risiti na garantii.

Za bei nafuu je? Niliwahi kukaa na moja, jina nalihifadhi, iliyokuja na betri mbili, chaja na boksi kwa bei iliyokuwa chini ya Makita tupu bila betri. Kwa tofali na kufunga kabati ilipiga kazi yake vizuri. Zege ndilo lililoichosha. Sehemu ya kushikia biti ililegea na matundu yakaanza kutoka mapana. Kwa mtu wa nyumbani anayetundika pazia na rafu, sioni sababu ya kumshauri atumie zaidi. Fundi anayelipwa kwa tundu, mashine ya namna hiyo itamgharimu wateja.

Kuna pia Makita DHR202 ambayo bado inapatikana. Ni ya zamani kidogo, mota yake inatumia kaboni (vipande vinavyoipelekea umeme na vinavyolika) tofauti na hizi tatu, lakini kaboni ikiisha unabadilisha mwenyewe kwa bisibisi. Kwa anayeanza na tayari ana betri za Makita, ningeitazama kabla ya kukopa.

Mimi nimebaki na DHR242 kwa sababu betri zangu zote ni za Makita, na kazi yangu kubwa ni tofali kuliko zege. Ningekuwa naanza leo bila betri hata moja, na kazi yangu ikiwa ghorofa, ningechukua Bosch kwa ajili ya ile kinga ya kuzunguka. DeWalt haiko nyuma kwa nguvu. Uamuzi ungekuwa nani kati yao ana betri na vipuri karibu na ninapokaa.

Mkia wa biti upake grisi kidogo kila unapobadilisha. Vaa barakoa, hasa unapotoboa juu, maana vumbi lote linakurudia. Na tundu la bomba la AC, lile pana la milimita 65 hivi, kwenye zege sijaliachia mashine yoyote kati ya hizi. Kwa hilo bado napanda na ile ya waya.