Uzoefu wangu na vigae vya ukutani jikoni na bafuni hapa Mbeya

Nilichonunua ni vigae vyeupe vya ukutani vya sentimeta 30 kwa 60, vyenye uso unaong'aa, chapa ya Twyford, ambavyo hutengenezwa Chalinze na hupatikana katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi hapa mjini. Nimevibandika nyuma ya jiko la gesi, juu ya sinki na katika ukuta wa bafu, mahali ambapo zamani palikuwa na rangi ya mafuta iliyokuwa ikibabuka kila mvuke ulipoigonga.

Muuzaji alinishawishi nichukue vigae vya porseleni, kwa hoja kwamba ni imara zaidi. Ni kweli, kwani porseleni hunyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, ilhali kigae cha kawaida cha ukutani huweza kunyonya zaidi ya asilimia 10. Lakini ukuta haukanyagwi, na maji hayapiti kwenye uso uliong'arishwa, bali hupenya kwenye maungio. Kwa hiyo pesa niliyookoa kwenye vigae niliipeleka kwenye gundi na grauti, yaani uji wa kujazia maungio, na mpaka leo naona huo ndio uamuzi uliobeba kazi nzima. Stika za sponji zenye michoro ya matofali sikuzifikiria hata kidogo, maana kubandika plastiki karibu na moto wa gesi ni kutafuta balaa.

Fundi alizoea kuweka madonge matano ya gundi nyuma ya kigae na kukigandamiza. Nilimwomba atumie mwiko wa meno, atandaze gundi ukuta mzima, kwa sababu nafasi tupu nyuma ya kigae hukusanya unyevu na kigae hupasuka kikigongwa na sufuria. Alipomaliza, tulipita tukigonga kila kigae kwa mpini wa mwiko. Viwili vilitoa mlio wa debe tupu, akavibandua kabla gundi haijakauka. Maungio aliyaacha milimita 2, na grauti haikujazwa mpaka kesho yake.

Nyumbani kwetu hupikwa kwa mawese ya Kyela na manjano kwa wingi, na hapo ndipo ukuta wa jikoni hupimwa. Nyuma ya jiko niliweka grauti ya epoksi, yaani ya gundi ya plastiki badala ya saruji, ambayo ni ghali, hukauka haraka na humsumbua fundi asiyeizoea, lakini hainyonyi mafuta: mawese yaliyorukia ukutani usiku hufutika asubuhi kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Juu ya sinki nilitumia grauti ya kawaida ya saruji, na huko mistari miwili imeshika rangi ya njano ambayo haitoki tena. Anayepika kama sisi asibane matumizi upande wa jiko.

Bafuni tatizo ni baridi. Mwezi wa Juni na Julai hakuna anayetaka kufungua dirisha baada ya kuoga, mvuke hugandia kwenye vigae vilivyopoa, na madoa meusi ya kuvu huanzia kwenye pembe. Kufuta ukuta kwa kitambaa kikavu na kuacha dirisha wazi kidogo kumesaidia kuliko dawa yoyote. Kwenye pembe na pale ukuta unapokutana na sinki tumejaza silikoni, inayonyumbuka kama mpira, kwa kuwa saruji hupasuka mahali ambapo pande mbili husogea.

Siki na limao sivitumii kwenye maungio, kwa sababu asidi hula saruji. Mwenye ukuta wa travertini, jiwe linalochimbwa Songwe, ajihadhari zaidi, maana jiwe lenyewe ni la chokaa na limao huliachia alama. Jiki nayo isichanganywe kamwe na siki wala asidi ya kusafishia choo, kwani hutoa gesi ya klorini, na bafu lililofungwa ni dogo mno kwa hewa ya namna hiyo.

Kwa ukuta, vigae hivi ningevinunua tena. Kinachoniudhi ni kingo: pale kigae kilipokatwa kando ya dirisha, udongo mwekundu wa ndani unaonekana, na ukanda wa alumini wa kuufunika huuzwa peke yake, kwa bei ambayo hakuna muuzaji aliyenitajia nilipokuwa nikipiga hesabu.