Dawa ya viwavi kwenye kabichi: tazama tone kwanza

Msimu uliopita nilinunua dawa ya viwavi mjini Dodoma, nikapiga kabichi zangu za Hombolo mara tatu, viwavi wakaendelea kula. Mara ya nne niliinama. Tone lilijiviringa kama shanga, likateleza kwenye mshipa wa jani, likadondoka. Jani la kabichi lina nta. Hela yangu yote ilikuwa inanyweshwa udongo!

Kwa hiyo dawa ipi inaua haraka, hilo mtaambiwa dukani. Mimi nauliza kama dawa inakaa kwenye jani, hasa upande wa chini, maana kiwavi wa nondo wa kabichi anajificha huko. Ukimgusa anajinyonganyonga, anashuka kwa uzi wake na kuning'inia, kisha anapanda tena.

Katika orodha yangu, namba moja ni Coragen, dawa ya kemikali ya viwavi, na sifichi kwamba naipenda. Inapenya kidogo ndani ya jani, hivyo hata upande usiofikiwa vizuri unapata kinga. Kiwavi akiila, misuli inamshinda, anaacha kula ndani ya saa chache ingawa kufa huchukua siku mbili tatu. Asubuhi baada ya kupiga usihesabu viwavi wazima, tafuta matobo mapya. Ila usiipige msimu mzima: Ufilipino na Thailand nondo hawa wameshaizoea.

Ya pili ni dawa za bakteria, Bt. Kiwavi lazima aile, tena akiwa bado mdogo, na jua letu huiharibu, kwa hiyo piga jioni. Wadudu rafiki inawaacha. Bila gundi ya dawa, ile ya kuchanganya ili tone litande na kushika jani, usijisumbue.

Pairethroidi, dawa za kemikali zinazoua wadudu wa kila aina, zile za bei rahisi, zinashika mkia. Nondo wamezizoea miaka mingi, na zinaua nyigu na buibui wanaotusaidia. Mwarobaini unafaa bustani ya nyumbani.

Kinachoniuma ni madukani. Coragen ni ghali, basi wengine wanaipima kwenye vichupa visivyo na lebo: hujui kipimo, tarehe ya mwisho, wala siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Nilipoulizia gundi, muuzaji akanitolea chupa nyingine ya dawa.

Kabla hujajaza bomba, changanya kidogo kwenye kopo usilotumia jikoni, vaa glavu, dondoshea jani moja. Tone likitanda, piga. Likibaki duara, rudi ukatafute gundi.