Samsung 970 EVO Plus au 980 PRO: Kizazi Kipi cha SSD Kinakufaa?

Ndugu watazamaji, mezani hapa nina SSD (diski za kuhifadhi data zisizo na sehemu inayozunguka) mbili za Samsung, kila moja ya terabaiti 1: 970 EVO Plus iliyotoka mwaka 2019 na 980 PRO iliyotoka mwaka 2020. Zote huingia katika tundu la M.2, yaani tundu jembamba lililo kwenye ubao mama, ila ya kwanza ni ya kizazi cha tatu cha PCIe, njia ambayo data hupita kati ya diski na prosesa, na ya pili ni ya kizazi cha nne.

Samsung hutangaza kwamba 980 PRO husoma hadi megabaiti 7,000 kwa sekunde, na mwenzake 3,500. Mnunuzi akiona hivyo huamini kwamba kompyuta yake itawaka kwa nusu ya muda. Haiwi hivyo, na naomba tukae hapa kidogo. Kasi hizo hupimwa diski inaposoma faili kubwa mfululizo, ilhali kompyuta inapowaka au kufungua programu husoma vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika, na mara nyingi husubiri kimoja kifike ndipo iombe kingine. Kwa usomaji wa kipande kimoja kimoja, takwimu za Samsung yenyewe ni vipande 19,000 kwa sekunde kwa 970 EVO Plus na 22,000 kwa 980 PRO. Kwa kazi za ofisi hutaihisi tofauti hiyo. Anayehariri video nzito na kunakili mamia ya gigabaiti kati ya diski mbili za kasi, huyo ataiona faida.

Kabla hujalipa, chunguza ubao mama. Prosesa za Intel za kompyuta za mezani, kuanzia kizazi cha 10 kurudi nyuma, haziendi zaidi ya PCIe ya kizazi cha tatu. Ukichomeka 980 PRO humo itafanya kazi vizuri, lakini itashuka hadi takriban megabaiti 3,500, na fedha uliyoongeza haitakuletea kitu. Kompyuta za mitumba aghalabu ziko upande huo, na nyingine hazina M.2 kabisa. Hizo ziwekee SSD ya SATA, aina ya zamani zaidi inayounganishwa kwa waya, ambayo ingawa huishia karibu megabaiti 550, huiacha mbali diski ya kuzunguka.

Kuhusu uimara, zote mbili zina dhamana ya miaka 5 au terabaiti 600 za kuandikwa. Kwa hiyo mimi, kwa kompyuta yenye PCIe ya kizazi cha tatu, ningechukua 970 EVO Plus, na bei ikiruhusu, ile ya terabaiti 2.