Uzoefu wangu na boksi la vipodozi la "Edie wa 1965"

Boksi hili linauzwa mtandaoni kwa wapenzi wa mtindo wa Edie Sedgwick, mwigizaji na mwanamitindo wa Marekani wa miaka ya 1960, na kifuniko chake kinadai kwamba ndani mna kila kitu. Si kweli. Mna jozi mbili za kope bandia (ya juu na ya chini), gundi, wanja wa keki na brashi yake, rangi nyeupe ya kupaka juu ya jicho, kopo la spreyi ya fedha la mililita 125, hereni ndefu, taiti nyeusi na kijitabu cha maelekezo. Kope na wanja ni vizuri kuliko nilivyotarajia. Gundi inapita. Vilivyobaki ni heri ununue kwingine.

Kijitabu ndicho kinachoharibu kazi. Kinaelekeza upake wanja, kisha uuvuruge kwa kidole mpaka jicho lionekane limetoka kulia, eti hiyo ndiyo "sura ya msiba". Msiba ulikuwepo, hakuna anayebisha. Edie alizaliwa Santa Barbara, California, Aprili 1943. Kaka zake wawili walifariki ndani ya mwaka mmoja, na yeye mwenyewe akafa Novemba 16, 1971, akiwa na miaka 28, kwa dawa za usingizi na pombe. Lakini sura ambayo watu wanaiiga mpaka leo ni ya 1965, alipokuwa akiigiza katika filamu za msanii Andy Warhol kwenye studio yake iliyoitwa Factory, New York, iliyopakwa fedha na kubandikwa karatasi za foili. Tazama filamu za majaribio alizopigwa wakati ule, uso peke yake mbele ya kamera: mistari ya macho ni mikali, imechorwa kwa mkono uliotulia. Anayemtaka Edie wa mwisho aangalie sehemu za rangi za filamu yake ya mwisho, Ciao! Manhattan, ambamo nywele zake ni ndefu na nyeusi. Huyo hahitaji boksi hili hata kidogo.

Siri ya sura ya 1965 ni mgongano: nywele karibu nyeupe, nyusi nyeusi, jicho jeusi. Kijitabu hakitaji nyusi popote, na ukizipaka fedha zifanane na nywele, mtindo wote umekwisha. Ziache nyeusi, zijaze kwa penseli kavu.

Jicho lina mistari miwili. Wa kwanza unafuata mzizi wa kope za juu. Wa pili, ambao wengi huusahau, unapita kwenye bonde lililo kati ya mboni na mfupa wa nyusi. Tazama kioo ukiwa umenyoosha shingo na macho wazi, usifumbe jicho wala kuinua kidevu, kisha tia nukta tatu milimita 2 hadi 3 juu ya mkunjo wako halisi. Ukiuchora ndani ya mkunjo wenyewe, mstari unamezwa ukifumbua jicho. Unganisha nukta, kisha lainisha ukingo wa juu tu kwa brashi kavu. Ukingo wa chini ubaki mkali. Wanja wa keki hutaka maji kidogo sana: lowesha brashi, ikamulie kwenye kitambaa, ndipo uizungushe kwenye keki mpaka wino uwe mzito kama maziwa mabichi. Maji yakizidi, mstari utakauka na mabaka na kupasuka saa moja baadaye.

Nafasi iliyobaki kati ya mistari hiyo hujazwa rangi ya mwanga. Nyeupe ya boksi imetengenezwa kwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi ya kahawia hugeuka majivu, na kwenye kamera yenye taa ya mbele huonekana ya buluu. Dawa yake ni kutanguliza krimu ya rangi iliyo angavu kwa hatua mbili kuliko ngozi yako, uikaushe kwa poda, ndipo uguse nyeupe kidogo katikati tu. Rangi ya pembe ya ndovu inafanya kazi nzuri zaidi kuliko nyeupe tupu.

Sasa kope. Ukanda wa juu ni mrefu kwa macho mengi, na hapa ndipo watu wanapolaumu gundi bila kosa lake. Upime juu ya jicho ukiwa mkavu: uanze kama milimita 5 kutoka pembe ya ndani. Kinachozidi kata upande wa nje, usikate wa ndani, kwa kuwa nywele fupi zimepangwa huko makusudi. Ukunje ukunjue mara kadhaa ulainike. Paka gundi nyembamba, ongeza tone kwenye ncha zote mbili, subiri sekunde 30 hadi 45 mpaka inate. Kwenye unyevu wa Dar au Mombasa subiri zaidi, maana gundi ya maji hukauka polepole hewa ikiwa nzito. Ukiibandika mbichi, kope zitateleza na kuchafua mstari wako. Anza katikati, halafu nje, halafu ndani. Pembe ya ndani ikiinuka, sababu huwa ni moja kati ya mbili: ukanda bado mrefu, au ngozi ina mafuta. Gundi ya boksi hili ina lateksi, kwa hiyo ijaribu ndani ya mkono siku moja kabla.

Kope za chini usizibandike kama ukanda mzima. Zikate vipande vitatu au vinne, uviweke chini ya kope zako, kuanzia katikati kwenda nje. Ukanda mzima huvuta ngozi kila unapocheka.

Spreyi ya fedha ni ya nywele kavu, umbali wa sentimita 20 hadi 25, kwa mikupuo mifupi. Acha mzizi mweusi karibu sentimita moja. Edie hakuuficha, na bila huo utaonekana umevaa kofia ya bati. Kwenye nywele za kipilipili spreyi hii ni hasara, maana pombe yake hukausha na unga unaanguka mabegani. Kwa aliyesuka ni balaa zaidi, kwani unga huingia kwenye njia na hautoki kwa kuosha mara moja. Nunua wigi fupi la kijivu, likate tabaka za sentimita 5 hadi 8, utose mizizi kwa wanja wa keki uleule. Likiwa la nailoni, pasi ya nywele isilikaribie. Na kopo la spreyi lisikae karibu na mshumaa. Chumba cha Edie katika hoteli ya Chelsea kilishika moto 1967, msitafute kufuata mpaka huko.

Taiti ndizo zilizonikera. Ni nyembamba, zinang'aa, na gotini zinageuka kijivu. Edie alivaa taiti za wacheza dansi kama vazi kamili, si kitu cha kuvaa chini ya sketi. Jarida la mitindo la Vogue la Agosti 1965 lilimwonyesha nyumbani kwake akiwa juu ya sanamu ya mnyama kifaru iliyotengenezwa kwa ngozi, mguu mmoja umenyooshwa nyuma kama mcheza bale, na mkao ule hauwezekani kwa taiti hizi. Tafuta za denia (kipimo cha unene wa uzi) 80 au zaidi, zisizong'aa, uchague kwa urefu wako na si kwa kiuno, kisha vaa fulana ndefu ya mistari inayofunika nyonga ili mshono wa juu usionekane.

Hereni ni plastiki. Urefu wake sawa, ndoano zake dhaifu.

Wakati wa kuvua, usivute. Weka pamba yenye mafuta ya nazi juu ya jicho lililofumbwa kwa dakika moja, kisha ng'oa kuanzia nje. Toa gundi kavu kwenye ukanda kwa kibano, uzungushe kope kwenye kalamu zipate umbo, uzirudishe kwenye kisanduku chake. Zikitunzwa hivyo hutumika tena na tena, na ni hizo, pamoja na wanja, zilizofanya nilipatie boksi hili nyota tatu badala ya mbili.