Vifaa vya kuchora ndege Nairobi: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Anayetaka kujifunza kuchora ndege hapa Nairobi mara nyingi hutoka dukani na boksi la rangi 36, pakiti ya brashi kumi na mbili na daftari la karatasi nyembamba lililoongezwa mwishoni kwa sababu pesa zilikuwa zimeisha. Baada ya mwezi boksi liko juu ya kabati. Hakukosa kipaji. Karatasi ilijikunja, brashi ikatapanya nywele, na ndege akaruka mchoraji akiwa bado anatafuta kijani gani kati ya sita kinafaa.

Kwa hiyo nimepanga vifaa kwa swali moja: je, kitakusaidia kumnasa ndege aliye mbele yako kabla hajaondoka, na kitaingia kwenye mkoba wa kawaida ukipanda matatu? Kinachopita mtihani huo kiko juu. Kinachohitaji meza, stendi na mchana mzima kiko chini, hata kama ni kizuri.

Nafasi ya kwanza: karatasi na penseli mbili

Weka pesa zako nyingi kwenye karatasi. Hili najua linawashangaza watu, maana karatasi inaonekana kitu kidogo, lakini ndiyo inayoamua rangi itafanya nini.

Karatasi ya kuchapishia ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba. Ukiitia maji inajikunja na kuanza kuchubuka. Kwa penseli peke yake, gramu 120 hadi 150 zinatosha kabisa. Kwa rangi za maji tafuta 300. Gramu 200 zinavumilika ikiwa unatumia maji kidogo. Namba hiyo huandikwa kwenye jalada, na daftari lisiloisema ni bora uliache. Angalia pia uso wa karatasi. Ule laini kabisa unapendeza kwa penseli na kwa manyoya madogo ya shingoni, ila rangi za maji huteleza juu yake na mwanafunzi anashindwa kuzidhibiti. Wenye chembe ndogo ndogo unashika maji vizuri na bado unakubali mstari mwembamba. Anza na huo.

Ikiwa daftari la gramu 300 linakushinda bei, nunua karatasi moja kubwa ya A2 ya uzito huo, uikate mwenyewe. Utapata vipande vinane vya A5. Vibane kwa klipu mbili juu ya jalada gumu la faili kuukuu, na tayari una ubao wa kuchorea unaokaa magotini. Mimi naipenda njia hii kuliko daftari, kwa sababu ukiharibu kipande hujaharibu kitabu, na mkono unakuwa huru zaidi.

Karatasi ya manila, ile ya chati za darasani, ni rafiki mkubwa wa mazoezi ya penseli. Kata, chora, jaza pande zote mbili. Ila usiipake rangi za maji, kwa maana inanyonya maji papo hapo, haikupi nafasi ya kusambaza rangi.

Penseli: moja ya 2B na moja ya 4B, basi. Kinachoandika ndani ya penseli ni grafiti iliyochanganywa na udongo. Udongo ukizidi penseli inakuwa ngumu na hafifu, ndizo za H. Grafiti ikizidi inakuwa laini na nyeusi, ndizo za B. HB ya shuleni itakufaa kwa mistari ya kwanza, lakini ukitaka weusi wa mgongo wa kunguru itakulazimisha kukandamiza mpaka karatasi iumie. Staedtler na Faber-Castell zinauzwa moja moja, huna haja ya kununua kopo zima. Kabla ya kulipa, tazama ncha ya nyuma ambayo haijachongwa. Grafiti ikiwa imekaa upande badala ya katikati, kila ukichonga itakatika.

Kwa vifaa hivi tu unaweza kuchora mwaka mzima. Anza na korongo marabu wa Mombasa Road, maana amejaliwa subira: husimama kwa muda mrefu akiwa amevuta shingo mabegani, na ukubwa wake unakuwezesha kuona jinsi bawa linavyokunjwa. Jambo moja la kuangalia kwake ni miguu. Inaonekana myeupe, na wengi huichora hivyo bila kujiuliza. Weupe ule ni kinyesi chake mwenyewe, anachojimwagia miguuni ili kupoza mwili, na ngozi iliyo chini ni ya kijivu iliyokolea. Ukilijua hilo, utaacha kuchora nguzo mbili nyeupe. Utaanza kuona mabaka, michirizi, na sehemu karibu na goti ambapo kijivu kinachungulia.

Nafasi ya pili: rangi za maji, chache na nzuri

Rangi za maji zinakauka haraka, zinaingia mfukoni, na zinataka chupa ndogo ya maji tu. Ni unga wa rangi uliofungwa kwa gamu arabiki, utomvu wa mgunga ambao huvunwa pia kaskazini mwa Kenya, kuanzia Turkana hadi Wajir. Hakuna rangi nyingine inayofaa uwanjani kama hii.

Zinauzwa kwa namna mbili, vidonge vikavu na tyubu. Kwa kutembea nazo chukua vidonge. Ukipata tyubu kwa bei nzuri, kamulia rangi kwenye kifuniko chenye vyumba vidogo, iache ikauke, na umejitengenezea vidonge vyako.

Sasa kuhusu idadi. Kwa ndege wa hapa mjini nashauri rangi tano: buluu ya ultramarini, sienna ya kuchomwa ambayo ni kahawia yenye wekundu, oka ya manjano, manjano kali ya limau, na nyekundu ya waridi. Nyuma ya tyubu nzuri kuna alama ya unga uliotumika. PB29 ni ultramarini, PBr7 ni zile kahawia za udongo, PY43 ni oka, PV19 ni nyekundu ya waridi. Jifunze alama hizo, kwa sababu majina ya mbele hubadilika kutoka kampuni hadi kampuni lakini alama haibadiliki. Boksi lisilotaja alama yoyote ni la kuchezea watoto. Halina ubaya kwa kazi ya Sanaa ya shuleni, lakini baadhi ya rangi zake hupauka. Ukiwa nalo tayari, paka mistari kwenye karatasi, funika nusu, bandika dirishani panapopigwa na jua kwa wiki kadhaa, kisha fananisha. Utajua ipi ya kuaminiwa.

Siri ya rangi hizi tano iko kwenye mbili za kwanza. Changanya ultramarini na sienna ya kuchomwa. Ukizidisha buluu unapata kijivu baridi cha mgongo wa marabu. Ukizidisha kahawia unapata mwewe anayezunguka juu ya jalala. Ukipunguza maji na kuacha rangi nzito unapata weusi wa kunguru, weusi wenye uhai. Ndiyo sababu sikuweka rangi nyeusi kwenye orodha: nyeusi ya tyubu ikipakwa peke yake humfanya kunguru aonekane kama shimo kwenye karatasi. Nyeupe nayo haina kazi. Weupe wa yangeyange ni karatasi yenyewe, unapaka majani yaliyo nyuma yake na kumwacha.

Muuzaji atakuonyesha pia rangi za kumetameta, akijua unachora ndege. Zikatae kwa upole. Tazama kwarara, yule anayepiga kelele alfajiri mitaani kwetu. Kwa mbali ni kahawia ya vumbi, akigeuka juani bega la bawa linawaka kijani na zambarau. Mng'ao huo hautoki kwenye rangi, unatoka kwenye jinsi tabaka ndogo sana ndani ya unyoya zinavyorudisha mwanga, na chozi wanaonyonya maua ni vivyo hivyo. Kwenye karatasi unaupata hivi: paka kijivu cha joto, na kabla hakijakauka dondosha kijani kidogo na zambarau kidogo penye bega, viache vikutane vyenyewe, na kando yake bakiza ukanda mwembamba wa karatasi tupu. Jicho la mtazamaji litamalizia. Shorobo wa msitu wa Karura na bustani ya Arboretum ni kinyume chake. Wekundu unaoonekana akifungua mabawa ni rangi halisi, yenye shaba ndani yake, basi huyo mpe nyekundu safi bila woga.

Brashi ni moja: ya mviringo, namba 6 au 8, ya nywele za sintetiki. Namba 0 zinazouzwa kwa ajili ya "vitu vidogo" hazibebi maji na zitakufundisha kuchora unyoya mmoja mmoja, jambo linalomkausha ndege. Omba maji dukani. Ichovye brashi, itikise mara moja kwa nguvu. Ikikusanyika na kuwa ncha kali, lipa. Ikigawanyika mara mbili, irudishe, hata kama ina jina kubwa. Muuzaji akikataa usijaribu, nenda duka jingine.

Kuhusu mahali pa kununua: penseli, raba, klipu na manila ni nafuu katikati ya mji, kwenye maduka ya vifaa vya shule ya River Road na mitaa jirani, na ukichukua vingi mtapatana. Karatasi nzito na rangi zenye alama zitafute kwenye maduka makubwa ya vitabu yenye sehemu ya sanaa, kama Text Book Centre, au kwa wauzaji wa vifaa vya sanaa pekee. Ukinunua mtandaoni, mwambie muuzaji akutumie picha ya nyuma ya boksi kabla hujatuma pesa. Asiyetaka kuituma ameshakujibu.

Kama una shilingi 3,000 mkononi, ningekuambia utumie karibu nusu kwa karatasi, 1,000 kwa rangi, na zilizobaki kwa brashi na penseli. Pesa zisipotosha rangi tano, nunua ultramarini na sienna pekee. Hizo mbili zinakupa zaidi ya nusu ya ndege wa jiji hili.

Nafasi ya tatu: penseli za rangi zinazoyeyuka kwa maji

Hizi ni kwa asiyeweza kubeba maji, au anayechorea kwenye foleni na kazini wakati wa chakula cha mchana. Unachora kavu, ukifika nyumbani unapitisha brashi yenye maji na mistari inageuka rangi. Boksi la 12 linatosha. Penseli za rangi za kawaida, zisizoyeyuka, nazo zinatoa kazi nzuri sana mikononi mwa mvumilivu, ila zinataka tabaka juu ya tabaka, na kwera wa bustanini, yule mwenye jicho la manjano, hatakungojea.

Nafasi ya nne: kalamu ya wino

Kalamu nyeusi moja ya unene wa 0.3, ya wino usioyeyuka. Jaribu: chora mstari, hesabu hadi thelathini, pitisha kidole chenye maji. Ukitapakaa, wino huo utachafua rangi zako. Faida yake kubwa ni kwamba haifutiki, hivyo inakulazimisha kutazama kabla ya kuchora.

Akriliki na rangi za mafuta

Akriliki inakauka kwa dakika chache, na katika jua la Nairobi la Januari hukauka hata kwenye sahani. Ni ya nyumbani, kwa picha ya ukutani. Rangi za mafuta huchukua siku kadhaa kukauka na zinahitaji tepentaini na chumba chenye hewa. Ukishajua umbo la ndege, zote mbili zitakufungulia milango. Kwa sasa ziache dukani, na hata tableti ya kuchorea iache, maana kioo juani hakisomeki vizuri.

Darubini

Wengi huuliza kama wainunue kabla ya rangi. Jibu langu ni hapana, kwa sababu inashikwa kwa mikono miwili na huwezi kuchora ukiwa umeishika. Mwewe, kunguru, kwarara na marabu wanakuja karibu vya kutosha. Siku ikifika, chukua 8x42: nane ni mara inavyokuza, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, ndiyo inayoingiza mwanga. Za 10 zinakuza zaidi na kutikisika zaidi. Zile zinazouzwa barabarani zikidai kukuza mara mia na kitu, usizitolee hata senti. Kabla ya kununua, ungana na chama cha wapenda mazingira cha Nature Kenya kwenye matembezi yao ya ndege ya Jumatano asubuhi, uombe kuchungulia za wenzako. Watu wa ndege ni wakarimu kwa mambo haya.

Na kabla hata ya hapo, tumia pesa ya kiingilio cha Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill. Kuna ukumbi wa ndege wa Afrika Mashariki wenye mamia ya ndege waliohifadhiwa, wametulia nyuma ya kioo. Hapo unaweza kuhesabu vidole vya mdiria, kuona kucha za tai zinavyojipinda, na kujua mdomo wa hondohondo unaanzia wapi usoni. Nenda asubuhi siku ya kazi, kabla makundi ya shule hayajafika. Beba penseli, raba na manila zako. Rangi na maji viache kwenye mkoba mpaka umeuliza mlangoni kama vinaruhusiwa.