Kukandamiza kifua tu, au na kupuliza pumzi?
Mtu mzima akidondoka ghafla pale sokoni Mwanjelwa, haitikii wala hapumui kawaida, huenda moyo umesimama: nachagua kukandamiza kifua tu, damu izunguke. Kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono mwingine juu yake, viwiko vimenyooka. Kifua kizame sentimita 5 hadi 6, kisha kiachwe kirudi chote, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Dakika za mwanzo damu yake bado ina oksijeni, na hata asiyefunzwa anaweza.

Aliyeopolewa ziwani Matema ni habari nyingine: huyo amekosa hewa. Anayejua ampulizie pumzi 2 kila baada ya kukandamiza mara 30. Jamani, kumbinya tumbo atapike maji kunampotezea muda!

Kote kuwili pigeni simu kuomba msaada, mpokezane kila dakika 2. Mikono ikichoka, kifua hakizami.