Randa ya Mutamaiyo: Tathmini ya Karakana ya Kujitengenezea Randa, Nakuru

Kwa miaka mingi nimepiga randa mbao za mvule katika karakana yangu hapa Kisumu kwa randa za chuma za madukani, na kwa miaka hiyo yote tatizo limekuwa lile lile. Nyuzi za mvule hupishana, ukanda mmoja ukilalia huku na wa pili ukilalia kule, hivyo upande wowote utakaoanzia, randa itateleza vizuri kwa shubiri mbili kisha ichimbue vishimo kwenye ya tatu. Kunoa peke yake hakuondoi tatizo hilo. Randa nyingi za chuma hulaza kisu kwa digrii 45, mlalo unaofaa saiprasi na mbao nyingine laini, lakini kwenye nyuzi zinazopishana kisu hicho hupenya chini ya nyuzi na kuzing'oa kabla ya kuzikata. Kikisimama zaidi, kwa digrii 55 hivi, huzikwangua bila kuzinyanyua. Kwa hiyo niliposikia kwamba ipo karakana Nakuru inayomuuzia seremala kipande cha mti mgumu wa kienyeji pamoja na kisu, kisha ikamsimamia kwa siku mbili hadi atoke na randa aliyoitengeneza kwa mlalo anaoutaka mwenyewe, nilifunga safari wiki hiyo hiyo.

Gharama ilikuwa shilingi 4,500, ikiwa ni pamoja na mti, kisu, gundi na chai. Malazi ni juu yako.

Jambo la kwanza nililouliza ni mti umetoka wapi. Tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018, na hata baada ya marufuku hiyo kulegezwa mwaka 2023, mti wa kienyeji unaouzwa bila maelezo humtia mnunuzi mwenye dhamiri wasiwasi. Jibu nililopewa liliniridhisha kabisa. Karakana hununua nguzo kuukuu za ua kutoka mashamba ya upande wa Njoro na Molo, nguzo za mutamaiyo, yaani mzeituni mwitu, ambao Wamaasai huuita oloirien. Mti huu ni mzito, mchwa huushindwa, na nguzo iliyosimama juani na mvuani kwa miongo kadhaa imekwisha kupasuka na kujipinda kadiri ilivyotaka. Kinachobaki katikati ya nyufa kimetulia. Kipande changu kilikuwa na urefu wa sentimita 26, kikapasuliwa kando ya moyo wa mti ili moyo wenyewe usibaki ndani, na upande mmoja kilikuwa na doa jeusi la duara mahali ambapo zamani palipigwa msumari wa kushikia waya. Mzee anayesimamia kazi alitaka kulikata. Nilimwomba aliache, na lipo hadi leo.

Mbinu inayofundishwa ni ile iliyoenezwa na James Krenov, fundi wa samani aliyezaliwa Urusi mwaka 1920 na kufundisha kwa miaka mingi huko California, Marekani. Badala ya kuchimba tundu la kisu kwa patasi kutoka juu, kazi inayohitaji mkono wa miaka, unakata mbavu mbili za gogo kwa msumeno, unapasua kipande cha kati kwa mlalo unaoutaka, unatoboa mbavu kwa ajili ya kijiti cha kukazia kabari, kisha unabandika vyote tena kwa gundi na vibano. Seremala yeyote anayeweza kukata kwa msumeno ulionyooka ataiweza.

Sehemu iliyonifunza zaidi ilikuwa kufungua mdomo wa randa, yaani ufa wa uso wa chini ambamo makali ya kisu hutokea. Mdomo ukiwa mpana, mbao haina kitu cha kuikandamiza mbele ya makali, nayo huchimbuka hata kama kisu kimesimama. Ukiwa mwembamba mno, maranda hukwama. Tuliacha gogo likiwa limeziba, tukakaza kisu kwa kabari makali yakiwa yamerudishwa ndani kidogo, ndipo tukasawazisha uso wa chini, kwa sababu mkazo wa kabari hupinda mwili wa randa kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Baada ya hapo ilikuwa ni tupa, mpapaso mmoja baada ya mwingine. "Mwanangu, inua uelekeze dirishani," mzee aliniambia kila mara, nami nikainua, hadi palipoonekana mbele ya makali mstari wa mwanga usiozidi unene wa karatasi ngumu. Hapo alinipokonya tupa.

Lawama zangu ni mbili. Visu hutengenezwa palepale kwa springi kuukuu za lori: chuma hutiwa moto hadi sumaku iache kukishika, huzamishwa katika mafuta, kisha hupashwa taratibu mpaka kigeuke rangi ya nyasi kavu ili kisivunjike. Chuma chenyewe ni kizuri, lakini kisu nilichopewa kilipashwa kupita kiasi, na makali yake yalijikunja nilipokuwa ningali kwenye mbao ya kwanza ya mvule. Ni kweli kwamba mvule huficha vijiwe vya chokaa vinavyoharibu hata kisu kigumu, lakini hiki kilikunjika mahali pasipo na kijiwe. Nilitumiwa kingine bila malipo baada ya simu tatu. Atakayekwenda apitishe tupa kwenye kisu kabla ya kuondoka: ikiteleza, chuma ni kigumu, ikiuma, akirudishe.

Lawama ya pili ni nzito zaidi kwetu sisi wa kando ya ziwa. Nakuru iko juu, takriban mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni kavu kuliko ya Kisumu. Baada ya wiki tano hapa, uso wa chini ulikuwa umevimba katikati, randa ikawa inabembea juu ya mbao. Niliisawazisha kwa msasa uliobandikwa juu ya kioo, kisu kikiwa kimekazwa, nikaipaka nta ya nyuki, na kwa miezi minane sasa haijasogea. Karakana ingepaswa kumweleza mteja jambo hilo siku ya kwanza.

Wiki iliyopita nilimalizia mlango wa mvule wa upana wa sentimita 90 kwa randa hii peke yake. Maranda yalitoka mafupi na yaliyokunjamana, kama yanavyotoka kwa kisu kilichosimama, na kazi ilinichosha mikono kuliko randa ya chuma, kwa maana mlalo huo hudai nguvu. Lakini mlango haukuwa na kishimo hata kimoja, na msasa niliutumia kwenye kingo tu. Nimekwisha kulipia nafasi nyingine mwezi ujao, safari hii kwa randa ndefu ya kunyooshea kingo, na kisu nitakwenda nacho mwenyewe.